Kumshika mkono mtoto aliyefanyiwa ukatili: mwongozo kamili kwa vikundi vya kujitolea vya mtaani

Ijumaa jioni, ofisi ya mtendaji imeshafungwa, bibi mmoja anabisha hodi kwenye chumba mlichopanga kiwe ofisi ya kikundi. Amemshika mkono mjukuu wake wa miaka 9, ambaye bado amevaa sare za shule. Bibi anasema maneno machache, kisha ananyamaza na kuanza kukunja na kukunjua pindo la kanga yake. Mtoto hasemi kitu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wawili au watatu walioko ndani ya chumba hicho, ambao si askari wala madaktari wala mahakimu, na ambao wengi wao hujitolea baada ya kufunga genge au kutoka kazini, lakini ndio waliobishiwa hodi.

Nimekaa katika kazi hii miaka kadhaa, na jambo ambalo ningependa kikundi kipya kilishike mapema ni kwamba kazi yenu si kupeleleza, si kuhukumu, wala si kumchukua mtoto mkamlee. Kila moja ya kazi hizo ina wenyewe na ina sheria yake. Kazi yenu ni kuhakikisha mtoto hapotei kati ya mlango mmoja na mwingine. Kesi nyingi nilizoziona zikifa hazikufa kwa kukosa sheria. Zilifia njiani, kati ya hospitali na polisi, kati ya polisi na mahakama, na mara nyingi kilichoziua kilikuwa nauli ya safari ya tatu.

Maelezo yanayofuata yanahusu Tanzania Bara, ambako sheria mama ni Sheria ya Mtoto ya 2009, inayomtaja mtoto kuwa ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Zanzibar ina sheria yake, Na. 6 ya 2011, na ngazi zake zinaanzia kwa sheha, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba ataona kwamba mwendo ni uleule ila majina ya ofisi yanabadilika. Na asitokee mtu wa kusema kwamba haya ni mambo ya mtaa fulani tu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na matokeo yake kutolewa 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Kabla ya mtoto wa kwanza kufika

Anzeni na usajili. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya 2002, na kwa kikundi kidogo cha mtaa mahali pa kuanzia ni ofisi ya afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ambaye atawaeleza kama mnafaa kubaki kikundi cha kijamii au mko tayari kuwa shirika. Usajili si mapambo ya ukutani. Siku mtakapoongozana na mtoto hadi kituoni, swali la kwanza mtakaloulizwa ni ninyi akina nani.

La pili, na hapa vikundi vingi huteleza, ni kuchujana ninyi kwa ninyi. Mtu mwenye nia mbaya kwa watoto hutafuta mahali watoto walipo, na hakuna mahali panapomvutia kuliko penye watoto ambao tayari wamezoea kutoaminiwa. Kila anayetaka kujitolea alete wadhamini wawili wanaomfahamu kwa muda mrefu, na mmoja wenu awatembelee wadhamini hao ana kwa ana badala ya kuwapigia simu. Atie saini kanuni za mwenendo zenye mambo machache yasiyojadiliwa: hakuna mtu mzima kukaa peke yake na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna kumpeleka mtoto nyumbani kwako, hakuna picha, hakuna zawadi za siri, na hakuna kumtumia mtoto ujumbe wa simu usiku. Wekeni pia njia ya kumlalamikia mwanakikundi, ikiwemo kiongozi, kwa mtu aliye nje ya kikundi, kwa mfano afisa ustawi wa jamii wa kata. Kikundi kinachoona kanuni hizi kuwa ni kudhalilishana hakijawa tayari kushika kazi hii, na ni heri kikaanza na jambo lingine.

La tatu ni kuijua milango kabla hamjaihitaji. Tengeni siku mbili mzunguke: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, hospitali au kituo cha afya kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, mtendaji wa kata, kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa au kijiji iliyoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ujulikanao kama MTAKUWWA, mwalimu anayesimamia dawati la ulinzi wa mtoto shuleni, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Jitambulisheni, pokeeni namba za simu, ulizeni nani hukaa zamu ya usiku na mwisho wa wiki. Katika baadhi ya hospitali kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari na mshauri nasaha hupatikana chini ya paa moja. Kama kipo katika mkoa wenu, kiandikwe juu kabisa ya orodha. Chini yake iandikwe namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haitozi senti na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Kutambua

Dalili zinajulikana na sitazirefusha: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani kurudia tabia hiyo, kuogopa mtu au chumba fulani, kushuka ghafla darasani, majeraha yasiyolingana na maelezo, kuchelewa kwa makusudi kurudi nyumbani, au kujua mambo ya kitandani yasiyo ya umri wake. Hakuna dalili moja inayothibitisha jambo. Ila sheria haiwadai uthibitisho. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Mkisubiri mpaka mpate uhakika mnakuwa mmeshageuka wapelelezi.

Kumsikiliza mtoto

Hapa pana uzito kuliko pote, kwa sababu makosa ya dakika kumi za kwanza hayafutiki.

Mkalisheni mtoto mahali anapouona mlango. Mpeni maji. Mtu mmoja tu aongee naye, na mwingine akae kando bila kuandika mbele yake. Kama mlezi aliyemleta ndiye anayejibu maswali yote, muombeni kwa heshima: “Bibi, tunaomba ukae hapa na dada upate chai, sisi tuongee kidogo na mjukuu wetu, mlango uko wazi, unatuona.” Mtoto aulizwe maswali yanayofungua mdomo, kama “Niambie kilichotokea” au “Kisha ikawaje?” Asiulizwe maswali yanayomlisha jibu. Ukisema “Ni baba mdogo, eti?” na mtoto akaitikia kwa kichwa, umeshaharibu ushahidi, kwa kuwa wakili wa upande wa pili atakuja kuuliza ni nani aliyelitaja jina hilo kwanza, na jibu la kweli litakuwa wewe. Maswali ya “kwa nini” yaachwe yote. “Kwa nini hukupiga kelele?” halisikiki kama swali katika masikio ya mtoto, linasikika kama hukumu.

Kuna mtoto aliyekaa kwetu karibu saa nzima bila kutoa sauti. Mama mmoja wa kikundi alikuwa akichambua mchele wa chakula cha jioni kwenye sinia, mtoto akasogea, akaanza kumsaidia kutoa mawe, na baada ya muda, macho yake yakiwa kwenye mchele, akasema alichokuja kukisema. Tangu siku ile sinia na vikombe viwili vya mchele havikosekani ofisini kwetu. Mtoto husema vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa na pa kutua.

Akishasema, hakuna haja ya kumchimba. Mnahitaji kujua mambo manne tu: nini kimetokea kwa maneno yake, nani, lini mara ya mwisho, na kama mtu huyo anaweza kumfikia usiku wa leo. Mengine yatachukuliwa na askari na daktari, na kila mtoto anaporudishwa nyuma kusimulia upya anaumia upya, tena simulizi huanza kutofautiana na kumpunguzia kuaminika bila kosa lake. Mwambieni kwamba si kosa lake, na kwamba amefanya vyema kusema. Akiomba msimwambie mtu, msimdanganye. Semeni: “Nitawaambia wale tu wanaoweza kutusaidia, na nitakuambia ni akina nani.” Kisha, akishatoka chumbani, andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama ni ya kitoto au ya mtaani, na tarehe, na saa. Neno la mtoto lisitafsiriwe kuwa neno la kitabuni.

Wavulana wana ugumu wao, kwa kuwa wamelelewa kuamini kwamba mwanamume halii, na wengine huogopa kwamba wakisema wataitwa jina ambalo litawafuata mpaka ukubwani. Kwao maneno “si wewe peke yako yaliyokukuta” hufungua mlango kuliko ushauri mrefu. Mtoto kiziwi atafutiwe mkalimani wa lugha ya alama asiye ndugu yake, kwa maana mkalimani wa nyumbani anaweza kuwa ndiye anayelindwa.

Saa 72

Kama ni ukatili wa kingono na haujapita siku tatu, mambo mengine yote yasubiri. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Zikianza, hunywewa siku 28 mfululizo. Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, dawa za dharura za kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, nazo pia hufanya kazi vizuri zaidi zikiwahi. Daktari ataangalia majeraha, magonjwa ya zinaa, na chanjo za pepopunda na homa ya ini.

Watu wengi wanaamini kwamba hospitali haiwezi kumgusa mtoto bila fomu namba 3 ya polisi, ile PF3. Fomu hiyo ni muhimu sana kwa kesi, hutolewa bure, na ikiwezekana ipitiwe polisi kwanza kama kituo kiko njiani. Lakini tiba ya dharura haipaswi kusubiri karatasi. Ikiwa kituo kiko mbali au foleni ni ndefu, mmoja wenu aende na mtoto hospitali na mwingine akafuate fomu, mkutane huko. Akishaijaza daktari, someni pale pale kama jina, tarehe na saa ya uchunguzi vimeandikwa na vinasomeka, na kwa adabu mwombeni arekebishe palipokosewa, kwa kuwa marekebisho ya dakika mbili siku hiyo huja kuwa wiki tatu za safari baadaye.

Mtoto asiogeshwe kabla ya uchunguzi. Najua jinsi hili linavyomuuma mama au bibi, ambaye jambo la kwanza linalomjia ni kumtakasa mtoto wake, na ndiyo maana mumueleze sababu badala ya kumkataza kwa ukali. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Kama zimelowa ziachwe zikauke kivulini, kisha kila moja iwekwe kwenye bahasha yake ya kaki au ifungwe kwa karatasi safi; mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuozesha kile kinachotafutwa. Bahasha zikabidhiwe polisi siku hiyo hiyo, na mwandike nani alimkabidhi nani, saa ngapi. Zisilale ofisini kwenu hata usiku mmoja.

Saa 72 zikishapita, hospitali bado ni lazima. Majeraha, maambukizi na mimba havina saa, na taarifa ya daktari ina thamani hata baada ya wiki kadhaa.

Kutoa taarifa

Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta ya mbele, isipokuwa kama dawati limefungwa. Ombeni namba ya taarifa mliyoiandikisha, ile inayoitwa RB, na jina la mpelelezi atakayelishika jalada. Siku hiyo hiyo, au asubuhi inayofuata, afisa ustawi wa jamii apewe taarifa kwa maandishi, nakala ikibaki kwenu ikiwa na sahihi ya aliyepokea. Tumewahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana, mtoto amelala mapajani kwangu, kwa sababu askari mwenye ufunguo wa dawati alikuwa safarini na hakuna aliyetuambia. Tangu hapo hupiga simu kabla ya kuondoka, na hubeba uji kwenye chupa.

Jambo moja litakalowasaidia kuliko mnavyodhani: tafuteni uthibitisho wa umri wa mtoto wiki hiyo hiyo. Katika makosa ya kubaka na mengine ya aina hiyo umri hubeba uzito wa kesi na wa adhabu. Kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kwa wengine kifungo cha chini kabisa kwa kawaida ni miaka 30. Cheti cha kuzaliwa ndicho bora, ila kadi ya kliniki, rejista ya shule, maelezo ya mzazi au ya daktari navyo hukubalika. Kesi kuanguka kwa sababu hakuna aliyethibitisha kwamba mtoto ni mtoto, na kadi ya kliniki ilikuwa chini ya godoro muda wote, ni uchungu ambao sitaki kuuona tena.

Si kila taarifa huanzia polisi. Mtoto aliyetelekezwa, anayenyimwa chakula au shule, au anayefanyishwa kazi nzito, aanzie kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye anaweza kusuluhisha matunzo au kulifikisha shauri Mahakama ya Watoto. Kuhusu kipigo, sheria haijafuta kila adhabu ya mzazi, lakini inasema wazi kwamba adhabu iliyopita kiasi, isiyolingana na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake, haihalalishwi na malezi. Penye jeraha, hospitali kwanza.

Atalala wapi leo?

Swali hili liulizwe kabla jua halijazama. Kanuni ni moja: ikiwezekana aondoke mtuhumiwa, abaki mtoto. Isipowezekana, atafutwe ndugu ambaye mtoto mwenyewe anamwamini, na afisa ustawi wa jamii aridhie. Baada ya hapo kuna watu wa kuaminika, yaani familia zilizochaguliwa na kupewa mafunzo na ustawi wa jamii ili ziwapokee watoto kwa muda mfupi. Ulizeni mapema zilizopo katika kata yenu ni zipi. Makao ya watoto ni njia ya mwisho, na yawe yale yenye leseni.

Kumhamisha mtoto bila ofisi hizo kujua, hata kwa huruma, kunaweza kuwageuza ninyi kuwa watuhumiwa wa wizi wa mtoto. Mwenye uwezo wa kumtoa mtoto kwa wazazi wake ni vyombo vya sheria, hatimaye kwa amri ya mahakama.

Wageni watakaokuja na soda

Siku ya tatu au ya nne atakuja mtu wa heshima. Pengine ni mzee wa ukoo, pengine kiongozi wa dini, pengine jirani aliyewahi kuwafaa. Atakuja na kreti ya soda, ataulizia afya zenu, kisha atasema siri ya mtungi aijuaye kata, kwamba mambo ya familia yaishie kwenye familia, na kwamba upande wa pili uko tayari kutoa kitu kidogo cha kumtunza mtoto.

Mpokeeni kwa heshima, soda msinywe. Jibu ni fupi: kosa la jinai dhidi ya mtoto halina mwenye kulisamehe mtaani, mlalamikaji ni Jamhuri, na kikundi hakina mamlaka ya kuliondoa. Jibu hili lina faida ya kuwa kweli, na pia linawatoa ninyi katika lawama, kwa maana mzee akitaka kugombana itabidi agombane na Jamhuri. Ziara yenyewe iandikwe, na mpelelezi aambiwe.

Msikimbilie kumlaani mama anayeanza kulegea. Ketini naye mpige hesabu. Mtuhumiwa ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya chumba, na mwisho wa mwezi umebaki siku sita. Ana watoto wengine watatu. Mama mkwe ameshahamisha vyombo. Mkimwambia avumilie, hamjamwambia kitu. Hapa ndipo fedha ya kikundi ina kazi: kodi ya miezi miwili, debe la unga, mtaji mdogo wa kukaangia samaki au maandazi. Nimeona ushahidi ukisimama imara mahakamani kwa sababu ya kikaango na lita tano za mafuta.

Kesi ikipigwa kalenda

Na itapigwa kalenda, tena zaidi ya mara moja. Jalada halijakamilika, shahidi hakufika, hakimu yuko semina. Kikundi kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni tarehe: anazijua, anawapigia mashahidi siku mbili kabla, anawapa nauli ya kwenda na kurudi, na anahakikisha daktari aliyejaza PF3 amepata wito, hasa kama amehamishwa kituo.

Mtoto asifundishwe cha kusema. Anachoweza kufundishwa ni mahali penyewe: ombeni kupitia kwa mwendesha mashtaka aoneshwe chumba siku kisipokuwa na watu, aone hakimu anakaa wapi na yeye atasimama wapi, ajue kwamba neno “sijui” linaruhusiwa, na kwamba ushahidi wake utatolewa kwa faragha, umati wa nje ukiwa haumo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, mtoto wa umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi mahakamani kusema kweli na kutosema uongo. Ahadi hiyo lazima iingie kwenye kumbukumbu za mahakama. Zipo hukumu zilizotenguliwa kwenye rufaa kwa sababu haikuonekana. Si kazi yenu kumkumbusha hakimu, ila hakuna ubaya mkimuuliza mwendesha mashtaka mapema kama jambo hilo linakumbukwa. Katika makosa ya kujamiiana ushahidi wa mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, unaweza kutosha kumtia mtu hatiani, na hili mwambieni mama anayeamini kwamba bila shahidi wa macho hakuna kesi.

Miezi inayofuata

Tarehe za hospitali ziendelee, ikiwemo kipimo cha marudio baada ya miezi 3. Ushauri nasaha ufanywe na mwenye mafunzo. Ninyi mnaweza kufanya jambo jingine lenye uzito, nalo ni kumrudishia siku zake za kawaida: mpira wa jioni, madrasa au shule ya Jumapili, kazi za nyumbani zenye kipimo. Familia ikitaka kuomba dua, iombe, ila dua isiwe sababu ya kuacha kliniki.

Shuleni aambiwe mwalimu mkuu peke yake, na aambiwe kile tu anachokihitaji ili amlinde mtoto. Msichana aliyepata mimba ana njia ya kurudi: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua kurejea katika shule za kawaida, na mkuu wa shule asiyejua hilo aelekezwe kwa afisa elimu.

Daftari na kufuli

Kila mtoto awe na kurasa zake katika kaunta buku, kwa namba badala ya jina, na orodha inayounganisha namba na majina ikae katika kabati lingine lenye kufuli, funguo zikiwa kwa watu wawili tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu hata ninyi wenye daftari moja. Habari za mtoto zisipite kwenye kundi la WhatsApp la kikundi, hata kwa mafumbo, kwa kuwa mtaa mmoja hauna fumbo. Mfadhili akiomba picha ya mtoto “ili watu waguswe”, mpeni picha ya sinia la mchele, na akiikataa, acheni fedha yake ipite.

Faili hufungwa pale mtoto anapolala salama, anakwenda shule, tiba imekamilika, na kesi ina uamuzi au imebaki kwa mwendesha mashtaka bila kuhitaji chochote kutoka kwenu. Mtoto mwenyewe aambiwe, kwa maneno ya umri wake, kwamba hamtakuja tena kila wiki, na aoneshwe tarehe mbili mtakazopita kumsalimia, moja baada ya miezi mitatu na nyingine baada ya mwaka. Namba ya simu aachiwe bibi, imeandikwa kwa tarakimu kubwa nyuma ya kadi ya kliniki, ambayo hawezi kuitupa. Kisha pigeni mstari chini ya ukurasa kwa wino mwekundu, na mruke kurasa mbili tupu kabla ya kuanza namba inayofuata, kwa sababu wakati mwingine mtoto hurudi.